Vilivyobaki vya Kuchagua

Kuna swali la mtihani wa fasihi ambalo huvaa nguo nyingi lakini mwili wake ni uleule: onyesha jinsi matukio ya maisha yalivyoamua hatima ya mhusika. Sisi tuliosomea sekondari nchini Kenya tulilijibu mara nyingi mno, kiasi kwamba tungeweza kulijibu usingizini. Unataja tukio, unataja alichofanya mhusika, unataja yaliyompata. Baba alifariki, mwana akaacha shule, akaishia kufanya vibarua. Msichana alipata mimba, akafukuzwa, ndoto zake zikazimika. Kila hoja ina alama zake, na mtahini hana muda wa kubishana nawe.

Sasa ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na jioni mbili kwa wiki huwafundisha watahiniwa wa kidato cha nne ili nipate nauli na bando. Nimesahihisha majibu mengi ya swali hilo. Kinachonikera humo ni aina ya vitenzi vinavyojirudia ukurasa baada ya ukurasa: tukio liliamua, tukio lilimfanya, tukio lilimlazimu. Ukiyasoma majibu hayo mfululizo unabaki na picha ya watu wanaoelea kama vifuu vya nazi baharini. Wimbi likienda kulia, nao kulia. Kisha unafika hoja inayofuata, katika insha ileile, na mwanafunzi yuleyule anaandika kwamba mhusika "alijitakia mwenyewe" na kwamba yaliyompata yalimstahili. Wimbi limesahauliwa. Sasa kuna mkosaji.

Sidhani wanafunzi hao wamechanganyikiwa. Wamerithi lugha iliyobeba mawazo yote mawili. Kiswahili kinatuambia ajali haina kinga, na papo hapo kinatuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ya kwanza inamtua mtu lawama, ya pili inamtwika. Zote zina ukweli, na ndiyo maana zimedumu. Lakini ukikaa barazani ukasikiliza vizuri, utagundua kwamba watu hawachagui methali kwa kuangalia lililotokea. Wanachagua kwa kuangalia limempata nani. Mwanangu akianguka na pikipiki, ajali haina kinga. Mwana wa jirani akianguka na pikipiki ileile, kwenye kona ileile, huyo hakusikia la mkuu.

Swali ninalotaka kulijadili linatoka hapo. Tukio likishampata mtu, ni kiasi gani cha maisha yanayofuata ni chake? Tunaposema alichagua, tunasema nini hasa?

Nimeona hadithi fupi ni mahali pazuri pa kulipima swali hili. Riwaya inaweza kumpa mhusika miaka arobaini ya kukosea na kujirekebisha. Hadithi fupi haina anasa hiyo. Ina nafasi ya tukio moja, pengine mawili, na uamuzi mmoja au miwili, na vyote vinakaa karibu karibu hata msomaji akaona kama kimoja kimezaa kingine. Ukaribu huo una hatari yake, lakini una faida pia. Ukisoma polepole unaweza kupenyeza kidole kati ya tukio na uamuzi, ukahisi kilichomo.

Chukua hadithi ya Guy de Maupassant iitwayo "La Parure", iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1884. Mathilde Loisel ni mke wa karani wa wizara mjini Paris. Yeye na mumewe wanaalikwa kwenye dhifa ya waziri. Hana kito cha kuvaa, kwa hiyo anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi. Forestier. Usiku huohuo mkufu unapotea. Wananunua mwingine unaofanana nao kwa faranga 36,000, nusu ikitoka katika urithi wa mume na nusu ikiwa ya kukopa, nao wanaishi miaka kumi ya ufukara wakilipa madeni. Mwishowe Mathilde, akiwa amechakaa hata hatambuliki, anakutana na rafiki yake na kuambiwa kwamba ule mkufu wa kwanza ulikuwa wa bandia. Thamani yake haikuzidi faranga 500.

Wengi hukumbuka mwisho huo. Mimi hurudi kwenye jambo dogo la katikati. Baada ya kuutafuta mkufu na kuukosa, mume anamwambia mkewe amwandikie rafiki barua, aseme kibanio kimevunjika na kwamba wameupeleka kwa fundi. Mathilde anaiandika jinsi anavyotajiwa. Kupotea kwa mkufu kulichukua sehemu ya usiku mmoja. Ile barua ndiyo iliyochukua miaka kumi. Kama angeandika sentensi moja ya kweli, nimeupoteza, huenda angejibiwa kwa sentensi moja ya kweli, na ujana wake ungesalia mikononi mwake.

Je, basi alijitakia? Mwanafunzi wangu angeandika hivyo na kupewa alama. Lakini tujiulize kwa nini hakusema. Maupassant anatudokeza: Mathilde anaporudisha ule mkufu mpya, hofu yake ni kwamba rafiki akigundua umebadilishwa atamdhania mwizi. Mtu wa hali ya chini aliyepoteza mali ya tajiri hajioni kama mtu aliyepatwa na ajali. Anajiona tayari yuko kizimbani. Kumbe kati ya tukio na uamuzi wake kulikuwa na kitu cha tatu, nacho ni makadirio yake ya jinsi atakavyopokewa akisema lililotokea. Makadirio hayo hakuyatunga peke yake. Aliyapata kwa kuishi miaka mingi miongoni mwa watu na kuona wenzake wa hali yake wanavyotazamwa.

Kitu hicho cha tatu nitakiita mapokezi. Dai langu ni kwamba katika hadithi nyingi, na katika maisha mengi, kinachojenga kesho ya mtu ni mapokezi kuliko tukio lenyewe. Tukio hupita. Watu waliosimama mlangoni mtu anaporudi kutoka kwenye tukio ndio wanaobaki, nao ndio huamua vitu gani vitaendelea kuwa mezani kwake vya kuchagua.

Hadithi ya "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany inalionyesha hilo kwa ukali zaidi. Tuliofanya mtihani wa KCSE wakati *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* kikiwa kitabu teule tunamkumbuka Sara, msichana wa shule anayebakwa usiku akirudi nyumbani kutoka masomo ya ziada, kisha akagundua ana mimba. Ubakaji wenyewe hauchukui nafasi kubwa. Kinachozijaza kurasa ni yale yanayopita kichwani mwake baadaye: baba atasema nini na kufanya nini, mwalimu mkuu atamtimua vipi, watu watamcheka namna gani. Hayo yote hayajatokea, lakini tayari yanaamua amwambie nani na amfiche nani. Ana rafiki, Sarina, na tunaona jinsi kuwepo kwa mtu mmoja wa kumsikiliza kunavyoongeza yanayowezekana. Mwisho sitausema, kwa ajili ya ambao hawajaisoma.

Msomaji aliyekulia katika nyumba ya amani anaweza kudhani Sara anakuza mambo. Hakuzi. Katika sehemu kubwa ya nchi zinazozungumza Kiswahili, hofu yake imewahi kuwa sheria au karibu na sheria. Tanzania Bara, kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la kimaadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017, Rais John Magufuli alitangaza akiwa mkoani Pwani kwamba katika utawala wake hakuna msichana aliyejifungua atakayerudi shule ya serikali. Katazo hilo liliondolewa Novemba 2021, pale Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu 1994. Zanzibar nayo ilikuwa na utaratibu wake tangu 2010, ndani ya jamhuri ileile ambamo upande wa pili ulikuwa ukifukuza.

Ninayataja haya kwa sababu yanatupa kitu ambacho mwanafalsafa hutamani na hakipati mara nyingi: tukio moja, watu wa umri mmoja, lugha moja, hata mwaka mmoja, na kesho tofauti. Kama tukio lingekuwa ndilo linaloamua, msichana mwenye mimba wa Unguja na msichana mwenye mimba wa Bagamoyo wangekuwa na hadithi moja mwaka 2018. Hawakuwa nayo.

Kwetu ni Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka wa pwani. Ng'ambo ya kituo cha mpaka ni Horohoro, wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga. Sisi Wadigo tuko pande zote mbili, na harusi na matanga hayasimami kwa sababu ya lango. Mama mdogo wangu aliolewa ng'ambo, na binti yake, ambaye nilicheza naye kila likizo, alipata mimba mwaka 2018 akiwa kidato cha tatu. Shule ikamwandikia barua. Nyumba yetu na yao zinatenganishwa na nauli ya bodaboda na muhuri mmoja wa uhamiaji, na katika umbali huo mfupi maana ya jambo lilelile ilikuwa imebadilika kabisa.

Sitaki kuupaka rangi upande wetu. Ninawajua wasichana wa Kwale waliokuwa na sera mkononi na hawakurudi, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia mtoto, au kwa kuwa maneno ya darasani yaliwachosha wakaondoka wenyewe. Sera ni sehemu tu ya mapokezi. Lakini msichana ambaye mlango uko wazi na njia ina miba yuko mahali tofauti na msichana ambaye mlango umefungwa kwa ufunguo.

Nyumbani, habari ya ndugu yangu husimuliwa kwa namna mbili. Bibi husema yameandikwa. Wajomba husema alichagua mwenyewe. Kauli ya bibi imejaa huruma, na siipingi imani iliyo nyuma yake. Mja hana budi kukubali kwamba si kila jambo liko mikononi mwake. Hata hivyo huwa najiuliza kitenzi hicho kinaficha nini. Ndiyo, iliandikwa. Barua ya kumfukuza iliandikwa na mwalimu, kwa kalamu, kwenye karatasi yenye nembo ya shule, ikapigwa muhuri na kusainiwa. Tukimwachia Mungu mwandiko huo, tutakuwa tumemsingizia. Kauli ya wajomba nayo inaficha upande wa pili. Mwanamume aliyempa mimba alihamia mjini na kubadilisha namba ya simu. Yeye hakuna aliyemwandikia barua, na sijasikia methali yoyote ikitumiwa juu yake.

Mwaka jana nilimuuliza ndugu yangu ni ipi kati ya kauli hizo mbili anayoiona kuwa kweli. Alikuwa kwenye kibanda chake cha ushonaji, akipiga pasi sketi za sare za watoto wa shule. Akajibu bila kuinua kichwa: "Hakuna. Nilichagua, ila nilichagua katika vilivyobaki."

Kisha akavitaja vilivyobaki, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu vifungo. Kulikuwa na mzee wa biashara aliyekuwa tayari kumwoa haraka ili aibu ifunikwe. Kulikuwa na shangazi yake mjini Tanga mwenye vyerehani viwili. Kulikuwa na kumwachia bibi mtoto akatafute kazi za ndani, na kulikuwa na kumlea mwenyewe, mtoto amelala kwenye kapu chini ya meza ya kukatia vitambaa. Alichagua cherehani na kapu. Baba yake hakumsemesha kwa miezi kadhaa kwa kumkataa yule mzee. Mwaka 2021 katazo lilipoondolewa, watu walimpigia simu kumpongeza. "Mlango umefunguliwa," aliniambia, "mimi nimeshahama nyumba."

Jibu lake limenisaidia kuliko vitabu vingi, kwa kuwa linakataa mambo mawili kwa pamoja. Linamkataa mjomba anayedhani kuchagua ni kuchagua tu, kana kwamba meza ilikuwa imejaa. Linamkataa pia mtu mwenye huruma anayetaka kumwondolea lawama kwa kumwondolea na uamuzi. Ukimwambia mtu aliyekataa ndoa ya kufunikia aibu, akalipia kukataa kwake kwa miezi ya kimya cha baba, kwamba "hukuwa na hiari", unamnyang'anya kitu alichokipigania. Hiari yake ilikuwa ndogo. Alichokifanya nayo kilikuwa kikubwa.

Wanafalsafa wana jina la eneo hili. Mwaka 1976 Waingereza na Wamarekani walipewa mjadala na makala mbili, moja ya Bernard Williams na nyingine ya Thomas Nagel, kuhusu kile walichokiita bahati ya kimaadili. Nagel anatuuliza tumfikirie Mjerumani aliyekuja kuwa afisa katika kambi za Manazi, na mwenzake aliyeondoka Ujerumani mwaka 1930 kwa shughuli za biashara akaishi maisha yake kwa utulivu Argentina. Inawezekana wa kwanza angekuwa mtu wa kawaida asiye na madhara kama Manazi hawangeshika madaraka, na inawezekana wa pili angekuwa afisa wa kambi kama angebaki. Tunawahukumu kwa walichofanya, na sehemu ya walichofanya ilitegemea mahali walipojikuta. Nagel hakudai kwamba hukumu zote zifutwe. Alitaka tuone ugumu na tusiukimbie.

Ugumu huo una pande mbili. Upande mmoja unatufundisha unyenyekevu. Mimi niliyemaliza shule sikuwa mwadilifu kuliko ndugu yangu. Nilikuwa upande huu wa lango, na sikupatwa na lililompata. Upande wa pili unatisha, kwa sababu unaweza kumfaa yeyote. Yule mbakaji wa Sara naye bila shaka ana utoto wake, umaskini wake, ulevi wa baba yake pengine. Ikiwa matukio yanaeleza, je, yanasamehe? Na yule mwalimu aliyeandika barua? Yeye angesema kanuni ilimlazimu, na kwamba asingeandika angepoteza kazi.

Hapo ndipo ninapokitazama tena kile kitenzi cha wanafunzi wangu, kulazimu, na kuona kwamba hakigawiwi kwa haki. Mnyonge akitenda, tunamwambia alichagua. Mwenye mamlaka akitenda, tunamkubalia kwamba alilazimika. Msichana wa miaka kumi na saba alikuwa na hiari tele, lakini mtu mzima mwenye shahada, ofisi na muhuri hakuwa na hiari yoyote. Tukiyaweka maelezo hayo mawili juu ya meza moja, hayakai pamoja.

Pendekezo langu ni kwamba wajibu wa mtu upimwe kwa vilivyobaki. Tujiulize kwanza, wakati anaamua, ni mambo gani ambayo kweli yaliwezekana kwake, na kila moja lingemgharimu nini. Aliyebakiwa na vingi aulizwe mengi. Aliyebakiwa na vichache aulizwe machache. Mwalimu hakuwa na uhuru kamili, na sitajifanya kwamba kupoteza kazi ni jambo jepesi kwa mtu mwenye watoto. Lakini kati ya kufuata kanuni kimya na kuikaidi waziwazi kulikuwa na mambo mengi ya katikati. Angeweza kumwita mzazi kabla ya kuandika. Angeweza kumweleza msichana kwamba kuna njia ya kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Angeweza hata kumkabidhi barua ile kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia pole, badala ya kumpa mwanafunzi mwenzake aipeleke. Vilivyobaki kwake vilikuwa vingi kuliko vya mtoto.

Na tujiulize swali la pili: uamuzi huo ulitumia vilivyobaki vya mwenyewe, au ulipunguza vya mwingine? Ndugu yangu alitumia vyake. Mbakaji wa Sara alivichukua vya mwingine. Utoto mbaya unaweza kutueleza mtu alipitia njia gani hadi akafika usiku ule barabarani. Hauwezi kumpa ruhusa ya kumgeuza mtu mwingine kuwa tukio. Nasema tukio kwa kusudi, kwa maana hilo ndilo linalosahaulika katika swali la mtihani. Mengi tunayoyaita matukio ya maisha, kufukuzwa, kubakwa, kutelekezwa, kunyang'anywa urithi, ni maamuzi ya watu. Huwa matukio tu yakifika kwa yule wa upande wa pili.

Kuna hadithi moja inayolisumbua dai langu kuhusu mapokezi, na sitakuwa mkweli nikiiruka. Ni "Eveline" ya James Joyce, iliyomo katika *Dubliners*, kitabu cha mwaka 1914. Eveline ana miaka kumi na tisa na kidogo. Mama yake amekufa, baba ni mkali na mnyang'anyi wa mshahara wake, na baharia aitwaye Frank anataka kumwoa na kumpeleka Buenos Aires. Tiketi ipo, meli ipo bandarini. Hakuna anayemfukuza wala anayemzuia. Dakika ya mwisho anashikilia uzio wa chuma na kubaki, uso wake ukiwa hauna dalili yoyote kwa mtu anayemwita. Kwa kipimo changu vilivyobaki vilikuwepo, na hakuvichukua.

Lakini Joyce ametutilia humo tukio dogo la zamani: Eveline alimwahidi mama yake, siku za mwisho za mama huyo, kwamba ataishikilia nyumba kadiri atakavyoweza. Mapokezi yanayomzuia yako ndani yake. Yupo mtu mlangoni, ila ni marehemu, na marehemu hawezi kukubembeleza akakwambia nenda mwanangu, nimekuachilia. Kwa hiyo ni lazima niongeze kitu kwenye hesabu yangu. Kinachowezekana kwa mtu si kile tu ambacho sisi watazamaji tunakiona mezani. Ni kile ambacho yeye mwenyewe anaweza kukiona na kuunyooshea mkono bila mkono huo kufa ganzi. Sara alihesabu hasira za baba kabla hazijatokea. Mathilde aliihesabu shaka ya rafiki kabla haijasemwa. Eveline aliisikia sauti iliyokwisha nyamaza. Wote watatu walichagua katika vile walivyoviona, na macho yao yalifunzwa na watu.

Hili linatugusa sisi wasomaji vijana zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu sisi tayari ni watu wanaosimama milangoni mwa wengine. Tuna wadogo zetu, marafiki wa hosteli, wapenzi, wanafunzi. Kila tunapomcheka msichana fulani wa mitandaoni aliyevujishiwa picha, dada yetu aliyeketi pembeni anasikia, naye anaweka akibani makadirio ya jinsi tutakavyompokea likimfika yeye. Hatasema kitu. Siku likimfika, atakumbuka kicheko kile, na atatuandikia barua ya kibanio kilichovunjika. Miaka kumi baadaye tutasema alijitakia.

Nikisoma hadithi sasa hujiwekea utaratibu mdogo. Mhusika akifikia uamuzi unaonikera, sigeuzi ukurasa mpaka niorodheshe vilivyobaki mbele yake kama vinavyoonekana kutoka pale aliposimama, na niandike jina la aliyeondoa kila kimoja kati ya vile visivyokuwepo tena. Mara nyingine orodha ikikamilika bado namwona ana hatia. Mara nyingi zaidi hatia inabaki, lakini inakuwa imegawanyika, na sehemu yake kubwa imekwenda kwa mtu ambaye hadithi ilimtaja mara moja tu, kwa nusu sentensi, akipita.

Kuna methali ya tatu ambayo huambiwa watu waliofikwa: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Naipenda. Haimlaumu mhunzi wala haimwambii kwamba kazi yake imekwisha. Ndugu yangu ameishonea vitambaa vyote vilivyopita mezani kwake tangu 2018. Jambo moja tu hunisumbua kila ninapoisikia. Huambiwa mhunzi siku zote, peke yake, amekaa mbele ya moto unaozimika. Sijawahi kuisikia ikiambiwa jirani yake mwenye koleo la pili.